Mgeni wa Siyu mpeni jembe

Swali: Assalaam alaykum, mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana hapa Siyu, kisiwani Pate. Kijiji kinatutoka mkononi. Wenzangu wengi wako Mombasa na Malindi, nyumba za wazee zinaanguka, shuleni watoto wanapungua. Tunayo ngome, magofu, mafundi wa ngozi na mlango wa bahari wenye mikoko pande zote mbili. Tumepanga kukopa shilingi milioni 3 tujenge mabanda 6 ya wageni kando ya maji, na kijana mmoja atatutengenezea programu ya simu ya kupokea wateja. Wakati huohuo kuna tajiri anayetaka kununua kipande cha ardhi ya pwani, na anasema atatuajiri. Tufuate njia gani?

Jibu:

Waalaykum salaam, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu nimeona kwamba neno "mgeni" umeliandika mara moja tu, na hukusema mgeni huyo ni nani, atoke wapi, aje Siyu kufanya nini. Mabanda umeyahesabu kabla ya kumjua atakayelala ndani. Nakwambia haya bila kukucheka, kwa kuwa kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, tena kwa pesa za watu.

Ilikuwa kijiji kimoja nyuma ya Malindi, miaka mingi sasa. Mimi ndiye niliyeandika ombi la fedha. Tukapewa, tukajenga mabanda manne ya makuti, vitanda vya kamba, tangi la maji, taa za sola. Siku ya kufungua tulichinja mbuzi na hotuba zikaendelea mpaka alasiri. Msimu wa kwanza wageni walikuja kwa sababu mfadhili aliwaleta. Msimu wa pili betri zilikufa, tangi likapasuka, na mwenye funguo akahamia Kilifi na funguo zake. Mabanda yalikuwa ya kila mtu, kwa hiyo hayakuwa ya mtu. Mara ya mwisho nilipopita nilikuta mbuzi wamelala ndani, wamejikunyata vizuri, nikasema haya, angalau wapo waliofaidika.

Tangu siku ile sianzi na jengo. Naanza na kitu ambacho kijiji kingekifanya hata kama mgeni hatakuja. Na huko Siyu mmetajirika kuliko mnavyojijua.

Siyu ulikuwa mji wa elimu na wa mikono. Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono hapo kwenu, yenye nakshi za wino mwekundu na mweusi, inazungumzwa na wataalamu wa maandishi ya Kiislamu mpaka leo. Mafundi wenu wa ngozi na wa mbao walisifika mwambao mzima. Ngome yenu nayo si kama Fort Jesus iliyojengwa na Wareno, wala si kama ya Lamu iliyosimamishwa kwa msaada wa Waomani. Ya Siyu ni ya wenyeji wenyewe, na Bwana Mataka, mtawala wenu, na watu wake waliyarudisha majeshi ya Seyyid Said wa Zanzibar miaka ya 1840. Zanzibar haikuushika mji mpaka miaka ya 1860, wakati wa Sultani Majid. Kijiji chenye historia hiyo kikijitangaza kwa "mabanda kando ya maji" kinajishusha bei. Mabanda kando ya maji yako kila mahali, toka Shela ya Lamu mpaka Diani, na wenye nayo wana boti, jenereta na ndege zao. Hapo hamtawashinda.

Mgeni wenu ni mwanafunzi. Namaanisha mtu yeyote anayekuja kujifunza kitu ambacho hawezi kukipata pengine. Mwanafunzi wa usanifu wa majengo kutoka Nairobi anayetaka kuona ukuta wa matumbawe na chokaa unavyojengwa. Mtafiti wa lugha anayetaka kusikia Kisiyu kwa wenyewe. Mzungu au Mjapani aliyesoma Kiswahili cha darasani miaka miwili na anatafuta mahali ambapo hakuna atakayemjibu kwa Kiingereza. Mtu wa Mombasa ambaye bibi yake alizaliwa Pate na yeye hajafika. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi mpeni jembe siku ya kwanza, na mumtoze kwa kulishika.

Usidhani natania. Kuna fundi wenu mmoja niliwahi kukaa naye kibarazani asubuhi nzima. Alikuwa akitengeneza viatu vya ngozi, na sikumwona akitumia karatasi ya kipimo hata mara moja. Alimwambia mteja akanyage ngozi, akazunguka mguu kwa ukucha wa kidole gumba, mstari mweupe ukabaki, akakata. Kisha akachukua msharasi, kile chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, akatoboa ukingoni, tundu baada ya tundu, bila kuangalia, huku akinieleza habari za mjukuu wake. Nilipomuuliza nani anajifunza kwake, alinyamaza kidogo, akasema vijana wanaona ndara za plastiki ni rahisi zaidi. Viatu vile aliviuza kwa bei ambayo nikiitaja atanikasirikia. Sasa fikiri: mgeni akikaa naye siku mbili, akakata na kushona viatu vyake mwenyewe, vibaya vibaya, akaenda navyo kwao, atalipa mara kadhaa ya bei ya viatu vilivyo tayari, na atawasimulia watu. Kijana wa Siyu aliyekaa pembeni akitafsiri atakuwa naye amejifunza kushika msharasi. Huo ndio ubunifu ninaoutaka mimi. Programu ya simu isubiri.

Nikiwa hapo kwenye simu nimalize. Kwa wageni kumi na wawili kwa mwezi mnahitaji namba moja ya WhatsApp inayojibiwa na mtu mmoja mwenye adabu, picha ishirini nzuri, na kalenda. Pesa ziingie kwa namba ya malipo ya kikundi iliyofungwa kwenye akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na angalau mmoja wao awe mwanamke wa jikoni. Basi. Programu mtaitengeneza siku simu itakapolia mpaka mkashindwa kulala.

Turudi kwenye kulala. Umesema nyumba za wazee zinaanguka kwa sababu wenyewe wako Mombasa. Hapa Malindi tunaishi na Wataliano miaka mingi, na kuna jambo moja la kwao ambalo hawakutuletea, wakatuletea piza badala yake. Mwaka 1976 tetemeko la ardhi lilibomoa vijiji vya milimani kule Friuli, kaskazini mwa Italia. Nyumba zilitengenezwa upya, ila watu wengi walikuwa wameshahama. Wakawaza: kwa nini tujenge hoteli mpya wakati tuna nyumba tupu? Wakazifanya vyumba vya wageni, nyumba moja huku, nyingine kule, mapokezi mahali pamoja, na mgeni anapita vichochoro vilevile anavyopita mwenyeji. Wanaiita hoteli iliyotawanyika. Vijiji vingi vya Italia vimeifuata tangu hapo.

Siyu haihitaji mabanda 6. Inahitaji nyumba tatu zilizo na mtu ndani, zenye chumba kimoja cha ziada, na labda nyumba moja iliyofungwa ambayo mwenyewe atakubali itengenezwe. Kikundi kisinunue nyumba. Kikodi kwa maandishi, tuseme miaka kumi, kodi ya miaka ya kwanza iwe ni ule ukarabati wenyewe. Ila kabla hamjagusa ukuta wa zamani, nendeni ofisi ya Makumbusho pale Lamu. Ngome iko mikononi mwao na majengo ya kale yanalindwa na sheria ya makumbusho na turathi ya 2006. Na tafadhalini, msipake saruji. Saruji haipumui. Ukuta wa matumbawe uliopakwa saruji hufungia unyevu ndani, chumvi hutafuna jiwe, na baada ya miaka michache plasta inamwagika pamoja na ukuta. Chokaa ndiyo dawa yake, na huyo mzee anayejua kuchoma chokaa na kuivundika ni mwalimu mwingine ambaye mgeni wa usanifu atamlipa.

Kuhusu maji mniruhusu niwe mkali kidogo. Visima vya visiwani ni vya maji matamu yaliyokaa juu ya maji ya chumvi. Ukivuta mno, chumvi inapanda, na ikipanda hairudi upesi. Mgeni wa bafu ya mvua anaweza kumaliza kwa siku moja maji ya familia nzima. Kwa hiyo ndoo na kata, na mumweleze kwa nini; wanaokuja kujifunza hawalalamiki. Choo kikae mbali na kisima, mita 30 ni kiwango cha chini, na mbali zaidi ni bora, maana mchanga na mawe ya matumbawe hupitisha uchafu haraka. Mkipata pesa ya kwanza ya maana, jengeni jabia la kuvunia mvua. Mgeni akiondoka jabia linabaki.

Sasa usafiri, ambako nadhani mna hazina mnayoiona kama taabu. Mlango wa Siyu hauingiliki ila maji yakijaa. Wengi wataona bora mgeni ashukie gatini Mtangawanda, upande mwingine wa kisiwa, apande bodaboda, aone ngome nusu saa, apige picha, arudi Lamu kula chakula cha mchana. Huyo kawaachia nini? Vumbi la bodaboda. Lakini angalia kalenda ya bahari. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kwa pande zetu maji hujaa mnamo saa kumi, saa kumi na moja jioni, na hujaa tena alfajiri. Saa nne, saa tano asubuhi ni maji makavu, mikoko imesimama kwa miguu yake. Mgeni akiletwa kwa mashua na bamvua anaingia jua linapoinama, mlango umejaa mpaka kwenye majani, ndege wanarudi kulala. Hata akitaka kurudi usiku ule, hawezi. Bahari imemfungia mlango. Atalala, atakula, na wakati wa maji ya alfajiri ndipo atakapoamua kuondoka au kukaa siku ya pili. Maji husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo nahodha yeyote wa Siyu anaweza kuwapangia mwezi mzima kwa kichwa. Wekeni safari zenu kwenye bamvua, mara mbili kwa mwezi. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, muishi maisha yenu, mvue, mlime, mpumzike na wageni. Kijiji kisichopumzika na wageni huwachukia.

Nimekaa jikoni kwingi katika kazi hii, na nakuambia jikoni ndiko pesa hubaki au hupotea. Mkinunua soda, biskuti na kuku wa barafu kutoka Lamu, pesa imerudi Lamu na boti ileile. Mkipika mkate wa mofa, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka aliyevuliwa jana, pesa inapita kwa mvuvi, mwenye minazi, mwenye kinu na mpishi, na wote wako hapo hapo. Wapishi wawe kwa zamu, nyumba tano au sita, zamu iandikwe ubaoni ili asiwepo wa kulalamika kwamba mke wa katibu ndiye anapika kila siku. (Samahani, sikujui mkeo. Nimeyaona tu.)

Hesabu yako ya mkopo sikuipenda. Nikupe yangu, ya mfano, nanyi mtatia bei zenu. Tuseme mgeni analipa shilingi 4,500 kwa siku moja na usiku wake, mbali na mashua. Mwenye nyumba apate 1,200. Jiko 1,300. Mwongoza wageni 600. Fundi anayefundisha 500. Wa maji na usafi 300. Mfuko wa kijiji 600. Mkipokea wageni 6 kila bamvua, wakalala siku mbili, ni malazi 24 kwa mwezi, yaani shilingi 108,000. Jiko peke yake limeingiza 31,200, na mfuko 14,400. Toeni Ramadhani na miezi miwili ya mvua za masika, mnabaki na miezi tisa. Hakuna atakayetajirika, lakini hakuna benki inayowadai mwezi wa tano wakati mvua inanyesha na mashua zimefungwa. Kwa kuanza mnahitaji vitanda, vyandarua, mashuka, vichujio vya maji na ukarabati mdogo. Hilo kikundi chenye akiba kinaliweza bila milioni 3.

Na kwa nini naogopa mkopo hivyo? Kwa sababu wewe ni mtu wa Lamu na unajua. Mwaka 2011 watekaji walivamia Kiwayu na Manda, wageni wakakimbia. Mwaka 2014 yakaja mashambulizi ya Mpeketoni na marufuku ya kutembea usiku. Mwaka 2020 korona. Kila mara ni jambo ambalo mwanakijiji hakulifanya wala hakuweza kulizuia, na kila mara aliyekuwa na mkopo ndiye aliyeuza mashua. Utalii uwe mchuzi, wali mkaupika kwa kitu kingine. Tazama wafugaji wa vipepeo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa kwetu. Mradi wa Kipepeo ulianza 1993. Mgeni akitembelea magofu ya Gede ataona vipepeo, atalipa kiingilio, sawa. Lakini pesa kubwa ya mkulima inatoka kwenye pupa, yaani vipepeo ambao bado wamo ndani ya maganda yao, wanaouzwa nje kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo. Na msitu unabaki umesimama, maana bila msitu hakuna kipepeo. Kwenu, kitu kama hicho kinaweza kuwa ngozi inayouzwa mbali, kofia za kushonwa zinazouzwa kwa oda, au friji ya sola ya barafu kwa wavuvi. Friji hiyo ninaipenda zaidi. Inafanya kazi kila siku kwa ajili ya samaki wenu, na mgeni akija anapata maji baridi tu.

Nikumbushe pia Mida, karibu na Watamu. Pale kuna daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko, mgeni analipa kupita, na mpango ulioanza 2001 chini ya A Rocha Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, unatumia pesa za wageni kusaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vinavyozunguka msitu. Nililojifunza pale ni kwamba mzazi anayejua karo ya mwanawe imetoka kwenye mkoko humkataza jirani kuukata, bila kungoja askari wa misitu. Mfuko wenu wa shilingi 600 uwe na jina la kitu kinachoonekana. Jabia, au karo ya watoto watatu. Hesabu zibandikwe pale wanaume wanapokaa baada ya alasiri, na nakala ipelekwe kwa akina mama.

Umetaja tajiri. Usiuze. Ningeweza kuishia hapo, lakini nitakueleza. Shela mnaiona kutoka kwenye boti: nyumba nzuri, maua yamemwagika ukutani, na nyingi wenyewe wako Ulaya, wanakuja wiki chache kwa mwaka. Mtoto wa aliyeuza ni mlinzi wa nyumba ya babu yake. Analipwa vizuri, sisemi analipwa vibaya. Lakini akitaka kuoa, hana pa kujenga. Kwanza, kipande hicho ni cha nani kisheria? Ardhi nyingi kwenu haina hati ya mtu mmoja mmoja, na ikiwa ni ya jamii, sheria ya ardhi za jamii ya 2016 haimruhusu mzee mmoja kutia saini peke yake. Isajilini kwanza. Pili, kama tajiri si Mkenya, katiba inampa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99, hata angekuwa na mifuko ya dhahabu. Kwa hiyo mwambieni kwa heshima: akodi, kwa miaka michache, kwa masharti yaliyoandikwa, njia ya wavuvi kwenda majini ibaki wazi. Akikataa kukodi akitaka kununua tu, mmeshajua alikuwa anatafuta nini.

Lililobaki ni la adabu, nalo najua mtalisimamia vizuri kuliko mimi. Mgeni aambiwe mapema, kabla hajapanda mashua, kuhusu mavazi, kuhusu kupiga picha watoto na akina mama, kuhusu pombe. Mambo ya msikiti na misahafu yaamuliwe na wazee, si na kikundi cha vijana. Darasa la khati, yaani mwandiko mzuri wa Kiarabu, kwa kalamu ya mwanzi ni zuri, na watoto wenu wenye mkono mzuri watafurahi kulipwa kwa kuandika. Lakini aya za Qur'ani zisiuzwe kama ukumbusho wa safari. Nilishaona mahali pengine, na kijiji kiligawanyika sehemu mbili.

Anzeni na bamvua moja, wageni wanne, watu mnaowajua na ambao hawataogopa kuwaambia ukweli: chumvi imezidi, choo kinanuka, mwongozaji anaongea mno. Walipieni nauli ya mashua, wao walipe kulala na kula. Mimi nihesabu wa kwanza. Kaskazi ikishika, mwezi wa 12, nitakuja na mashua ya jioni. Nimeshachoka viatu vya dukani, kwa hiyo mwambie yule fundi aniwekee ngozi, nikae naye siku mbili. Na mnitoze bei kamili.